Chakula cha mtoto wa mgeni kina deni?

Wazee wetu walituachia mithali mbili zenye watu wanapenda kuzigombanisha. Ya kwanza: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenye kupenda wageni anakamata ya kwanza, mwenye kuchoka nao anakamata ya pili, na kila mmoja anaamini kwamba wazee wako upande wake. Sisi tunaona zote mbili zilisemwa ju ya mgeni mkubwa, mtu mwenye nguvu, mwenye alitoka kwake akijua pahali anaenda. Mtoto wa miaka sita mwenye anasukumwa mlangoni usiku, kiatu kimoja mguuni, mwenye hajui jina lingine la baba yake isipokuwa "Papa", huyu hawezi kushika jembe. Na mwenyeji haponi kwa kuja kwake: jioni ile ile bugali inapungua katika sahani ya watoto wa nyumba.

Hapo ndipo swali letu linazaliwa. Chakula chenye mtoto wa namna hii amekula kwetu, mwezi mmoja, mwaka mmoja, miaka tatu, kina deni ao hakina? Na kama kina deni, mdaiwa ni nani? Ni mtoto mwenyewe, ni jamaa yake siku itaonekana, ni serikali, ni mashirika ya musaada, ao ni Mungu peke yake? Tunasikia watu wakijibu haraka-haraka: "Mtoto ni wa wote." Neno hili ni zuri kwa hotuba. Lakini mwenye anapika kila jioni anajua kwamba kitu cha wote mara mingi kinabebwa na mtu mmoja, na mara mingi huyo mtu ni mama.

Hatuulizi ju ya mambo ya mbali. Mwezi wa saba 1994 karibu watu milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Goma na pembeni yake kwa siku chache tu. Kolera iliua makumi ya maelfu katika majuma ya kwanza. Kibumba, Katale, Mugunga: majina ya pahali petu yakawa majina ya kambi yenye dunia yote ilisoma katika magazeti. Katika ile miaka mashirika yaliandika zaidi ya watoto laki moja wenye walitengana na wazazi wao, ndani ya Rwanda na katika inchi za jirani. Kiisha, tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka, moto ukapita katikati ya mji wa Goma mpaka ndani ya ziwa. Safari hiyo ni watu wa Goma, laki mingi, wenye walikimbilia Gisenyi. Wale wenye miaka nane mbele walikuwa wanapokea, sasa walikuwa wanagonga mlango. Wengi hawakutaka kambi, walirudi siku chache nyuma, mawe yakiwa bado na moto.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima ule ule ukafunguka tena. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na jamaa zao, na kwamba wengine zaidi ya 170 walihofiwa kuwa wamepotea. Siku tano nyuma, tarehe 27, serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji itoke, na watu wakajaa njia ya Sake, ya Rutshuru, ya Minova, na mashua za Bukavu. Watoto wengine wakapotea katika ile safari ya pili. Na Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko la Nyamukubi, maji yalishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, katika teritware ya Kalehe. Maiti zaidi ya 400 zilizikwa, na watu wengi sana hawakuonekana tena. Tungeweza kutaja pia Uvira, Aprili 2020, wakati mto Mulongwe uliingia katika manyumba. Kila moja ya hizi tarehe iliacha watoto mlangoni mwa watu.

Mtu wa mbali anafikiri kwamba mtoto anapotea sababu mzazi alimusahau. Si vile. Mama ana mtoto mdogo mgongoni, furushi kichwani, mwingine anamukamata mkono wa kuume, na yule mkubwa, wa miaka saba ao nane, anaambiwa: "Shika kikwembe, usikiachilie." Watu wanasukumana, pikipiki inapita na kelele, kikwembe kinateleza. Kwa dakika moja mtoto ameshika nguo ya mama mwingine, na haoni mpaka kunakucha. Ao wazazi wanapata pahali padogo ndani ya kamio, wanamuweka mtoto juu ya magunia ju asichoke, wao wanakuja kwa mguu. Na kamio haisimami kule walipatana. Ni upendo ndio ulimupoteza. Tunasema hivi ju ya wale wenye wanapenda kuuliza, mbele ya kutoa kikombe cha maji: "Lakini mama yake alikuwa wapi?"

Sasa, huyu mtoto anaenda wapi? Picha zinaonyesha kambi, shitingi nyeupe katika mistari. Lakini mtu yeyote wa Kivu anajua kwamba kwa miaka mingi wakimbizi wa ndani wengi walilala katika manyumba ya watu kupita ndani ya kambi. Nyumba haina bendera. Haina mlango wenye mugeni wa Ulaya anaweza kupigia picha. Mzee wa nyumba kumi anajua tu kwamba kwa fulani walikuwa saba, sasa wako kumi na moja.

Kiisha musaada unafika. Tunaheshimu musaada, na hatutaki kusema kama wale wenye walikula mchele wake jana na leo wanautukana. Bila yale matanki ya maji na ile dawa, 1994 ingemaliza watu wengi kupita wale ilimaliza. Lakini musaada unakuja na liste, na liste ina macho ya namna yake. Inaona mtoto mwenye alikimbia. Haioni mtoto mwenye alimupisha kitandani. Sisi walimu tunaliona jambo hili kwenye banki ya shule kila mara. Watoto wawili wanatoka nyumba moja, wamekunywa uji wa sufuria moja. Mmoja ana mfuko mpya wa bluu, kaye sita, biki, na kipande cha sabuni. Mwingine ana kaye moja yenye alianza mwaka jana na yenye anaandika sasa kwa pembeni. Huyu wa pili ndiye mtoto wa mwenyeji. Usimuambie kwamba ile ni haki. Kwake haki ni kitu chepesi: "Tulimupa nusu ya blanketi yangu, na yeye ndiye alipewa mfuko."

Kwa watu wazima ni ile ile, ila wao wanaficha. Jetoni ikigawanywa, mama wa nyumba anabaki nyuma ya kamba na mikono mitupu, anachunga furushi za wageni wake. Jioni, kama mgeni ana moyo, anafungua gunia na unga unaingia sufuria ya wote. Kama hana moyo, anaanza kupika pembeni, na siku ile nyumba imekuwa mbili.

Kuko kesi moja yenye ilisikilizwa pembeni ya ziwa, nyuma ya maji ya 2023. Nyumba moja ilikuwa imepokea mtoto mwanamume wa miaka tisa hivi. Miaka karibu mbili ikapita. Siku moja mjomba wake akafika kutoka upande wa Walikale, alikuwa amesikia kwamba mtoto wa dada yake yuko hai. Alilia, mtoto pia alilia, hata kama hakumukumbuka muzuri. Wakati wa kumuchukua, baba wa nyumba akaleta kaye. Alikuwa ameandika yote: mihogo, sambaza, dawa ya malaria mara tatu, kaptula ya shule, viatu. Hakuwa mtu mubaya. Alisema mbele ya wazee: "Mimi sikumuiba huyu mutoto. Alikula kwangu kama bangu. Lakini nilikopa dukani ju yake, na bado banandaika. Nani atanirudishia?" Mjomba alikuwa na nauli yake tu ya kurudi.

Mbele ya mtu kusoma hata mstari mmoja, mzee mwenye alikuwa anaongoza alifanya jambo lenye wengi hawakulishika maana. Alimutuma mtoto aende kuchota maji ziwani. Bidoni ilikuwa bado imejaa. Mtoto alipokwenda, mzee akasema: "Sasa soma." Ikasomwa yote. Nyuma yake wakaamua kwamba mjomba akipata nafasi ataleta kuku wawili na kasiksi, si kama bei, ila ju nyumba mbili zile pamoja, na kwamba mtoto atakuwa na ruhusa ya kuja pale kila likizo na kuita pale "kwetu". Ju ya kaye mzee alisema: "Hii kaye ni ya kweli. Lakini huyu si yeye wa kusomewa."

Kuna watu walicheka ju ya ile bidoni. Sisi tunafikiri hekima yote ya desturi ilikuwa ndani yake. Katika Kiswahili kuko neno masimango, ni kusema kumuhesabia mtu mema yenye ulimutendea, mpaka yale mema yanamuchoma. Mtu mzima akisimangwa anaweza kuondoka, anaweza hata kurudisha. Mtoto hawezi. Hakuomba kuzaliwa, hakuomba mlima upasuke, na tumbo lake haliwezi kutapika bugali ya miaka mbili. Ukimuhesabia mtoto chakula, unamufundisha kwamba maisha yake ni kosa lenye linapaswa kulipwa. Tumeona vijana wenye walikua chini ya masimango: wengine wanakuwa watumwa wa kila mtu mwenye aliwapa kitu, wengine wanakimbia nyumba na kuchukia hata wale waliowapenda. Kwa hiyo tunajibu nusu ya kwanza ya swali bila kusitasita: mtoto si mdaiwa. Wala mjomba mwenye alipoteza dada yake si mdaiwa wa bei.

Lakini tusidanganyane kwamba deni halipo. Hapa tunaachana na wale wenye wanasema kila kitu ni sadaka na kwamba mwenye kuandika kaye ni mtu wa moyo mubaya. Mara mingi wale wenye wanasema vile hawakupika. Deni la dukani ni deni. Mwenye duka hapokei mithali. Kama tunasema kwa masikini kwamba ubora wake ni kutoa bila kuhesabu, na sisi wenyewe tunahesabu mpaka frank ya mwisho, tunageuza desturi kuwa namna ya kumunyanganya.

Labda mfano wa likelemba unaweza kutusaidia. Akina mama kumi wanatoa kila juma, na kila juma mmoja anabeba yote. Mwenye alibeba leo hana haya, sababu wengine walibeba mbele yake ao watabeba kesho. Hakuna mwenye anamusimanga mwenzake. Kupokea watoto wa wageni, kwa wazee wetu, kulikuwa likelemba ya namna hiyo, isiyo na kaye na isiyo na tarehe. Leo moto uko kwangu, kesho maji yatakuwa kwako. Kati ya Goma na Gisenyi ile likelemba ilizunguka mbele ya macho yetu kati ya 1994 na 2002, hata kama vita na siasa viliharibu mambo mengi kati ya hizi miji mbili, na hata kama watu wa pande zote mbili leo hawapendi kukumbushwa. Deni lilikuwapo. Ila lilikuwa linalipwa kwa mwingine, mbele, pasipo kurudi nyuma.

Mtu atasema: likelemba bila kaye inakufa siku wengi wanabeba na wachache wanatoa. Ni kweli, na ndiyo hali yetu. Nyumba moja ya Sake ao ya Minova inaweza kuwa imepokea mara tano, na zamu yake ya kupokelewa ilikutana na watu wenye hawana tena kitu. Kuzunguka kumesimama sababu shida imekuwa ya wote kwa wakati mmoja. Hapo inafaa mtu mwingine aingize kitu katika ule mfuko. Nani? Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inaweka ju ya mamlaka ya serikali ulinzi wa watoto wenye wako katika shida. Inchi yetu ilitia mkono pia kwa Mapatano ya haki za mtoto tangu 1990, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ikaja kueleza ule ulinzi. Kwa hiyo kaye ya yule baba wa pembeni ya ziwa ina mtu wa kusomewa, na anwani yake inajulikana. Kwamba hatakuja kulipa, lile ni neno lingine. Lakini ni tofauti kubwa kujua kwamba unamusaidia mdaiwa mwenye hayuko, kupita kufikiri kwamba unamulisha mtoto wa bure. Na musaada wa mashirika, kwa macho haya, haukuwe huruma tu: ni mtu wa tatu mwenye anasimama kidogo pahali pa mdaiwa.

Ndugu wengine wamekwisha kutoa shauri: basi nyumba ilipwe, dola fulani kwa kila kichwa cha mtoto, kila mwezi. Tulilifikiri shauri hili kwa muda murefu, sababu lina haki ndani yake. Lakini linatuogopesha, na sababu yake ni moja: ile siku mjomba anafika. Kama mtoto ni mzigo, kufika kwa mjomba ni furaha yenye machozi. Kama mtoto ni dola za kila mwezi, kufika kwa mjomba ni hasara. Hakuna haja mtu awe mubaya. Inatosha awe masikini, na awe amezoea zile dola. Ataanza kusema kwamba mjomba hajulikani, kwamba mtoto hataki, kwamba tungoje mwisho wa mwaka wa masomo. Musaada utakuwa umenunua, bila kupenda, uchungu wa watu kurudiana.

Na yale yenye tunaogopa kwa nyumba moja yalikwisha kuonekana kwa manyumba makubwa. Nyuma ya kila vita na kila maji, watu wengine wanafungua vituo vya yatima. Kuko vituo vyenye viliokoa watoto kabisa, tunavijua na tunavishukuru. Lakini kituo chenye kinaishi kwa hesabu ya watoto wake hakitafuti ndugu zao kwa bidii. Mwaka 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha maongozi ju ya watoto wenye hawana malezi ya wazazi, yenye yanasema kwamba jamaa inatangulia, na kwamba umasikini peke yake hauwezi kuwa sababu ya kumutenga mtoto na jamaa yake. Na Septemba 2013 Kongo yetu ilisimamisha ruhusa za kutoka kwa watoto wenye walikuwa wamepangwa na wageni wa inje, kwa kuogopa udanganyifu wa karatasi na habari mbaya zenye zilisikiwa ju ya wengine kule walipelekwa. Mtoto kuitwa yatima na huku shangazi yake anamutafuta: hakuna uwongo unatuuma kupita huu.

Kwa hiyo tunapima musaada kwa kipimo hiki: je, siku ya kurudi, kuko mtu mwenye atapoteza? Maji yenye yaliletwa kwa avenyu nzima hayaondoki na mtoto. Banki za shule hazimufuati. Mbegu na majembe yenye nyumba ilipewa, sababu ni nyumba yenye ilipokea, vinabaki katika shamba. Minervale yenye ililipwa kwa watoto wote wawili, wa mgeni na wa mwenyeji, inaacha wote wawili na kitu katika kichwa. (Tangu mwezi wa tisa 2019 shule ya msingi ya serikali hailipishwi, tunashukuru. Lakini sekondari inalipishwa, na ni pale watoto wa kupokelewa wanaanguka wa kwanza. Mwenye nyumba akiwa na minervale ya mmoja tu, hatuna haja ya kueleza atamulipia nani.) Musaada wenye unaingia kwenye sufuria ni muzuri kupita ule wenye unaning'inizwa kwenye shingo la mtoto mmoja.

Mpaka hapa mtu anaweza kufikiri kwamba tunasifu desturi na kulaumu mashirika. Haiko hivyo. Desturi yetu ina chumba chenye giza, na chumba hicho ni jikoni. Mtoto mwanamume mwenye anapokelewa, mara mingi anakuwa ndugu. Mtoto mwanamke mwenye anapokelewa, mara mingi anakuwa mikono. Anaamuka wa kwanza, anachota maji, anauza mihogo barabarani wakati wenzake wako masomoni, na wageni wakija anaitwa "ule mutoto tulisaidia". Wanasema: "Lakini anakula." Ndiyo, anakula, na kila siku analipa. Hapa ndipo jembe la mithali linaharibika. Tunaamini kwamba wazee walipompa mgeni jembe siku ya tatu walikuwa wanamupa heshima: wewe si wa kutazamwa tu, ingia katika shamba pamoja na sisi. Kazi yenye watoto wote wa nyumba wanaifanya, mtoto wa mgeni aifanye pia, na akikosa agombezwe kama wao. Kumuacha akae kama yai ni namna nyingine ya kumuambia si wa hapa. Lakini kazi yenye anaifanya peke yake, saa zenye wengine wanasoma, ile si jembe. Ile ni masimango bila maneno.

Na kuko kitu chenye liste ya mashirika inajua na chenye desturi haikukijua: kuhifadhi jina. Zamani mtoto mwenye alipotea katika vita ya makabila alipewa jina jipya, akaingia katika ukoo mpya, na kizazi cha tatu hakuna aliyejua alitoka wapi. Watu waliona ni ukarimu. Kwa upande mmoja ni ukarimu kweli. Kwa upande mwingine kuko mama mwenye alikufa bila kujua. Nyuma ya 1994 wafanyakazi wa Musalaba Mwekundu na wa UNICEF walipita katika makambi na picha za watoto, mamia kwa mamia, wakizibandika ju watu watazame. Wazazi walipita mbele ya ukuta wa nyuso wakitafuta uso mmoja. Watoto wengi walirudi kwao kwa njia ile. Ile ni kazi ya karatasi, kazi baridi, na hakuna nyimbo ju yake. Lakini hakuna ukarimu wa nyumba ungeweza kuifanya. Kifungu cha 20 cha yale Mapatano ya haki za mtoto kinaomba kwamba mtoto mwenye ametengwa na jamaa atunzwe kwa kuangalia pahali alitoka, dini yake, desturi yake na luga yake. Tukisoma pale tunaona neno lenye shirika la utamaduni kama letu lingeweza kuandika.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi: musibadilishe jina la mtoto wa maji wala la mtoto wa moto. Kama anajiita Bahati, abaki Bahati, hata kama ninyi mko na Bahati mwingine nyumbani. Mutawaita mkubwa na mdogo. Kama alikuja na wimbo wa kwao, aimbe. Kama anasema Kihavu na ninyi ni Washi, ao anasema Kinyarwanda na hilo linawaletea macho ya majirani, ni hapo hasa mlango wenu unapimwa.

Tunaandika haya kwa haraka kidogo, sababu wakati hautungoji. Mwezi wa kwanza 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, na mwezi wa pili kambi za pembeni ya mji, zenye zilikuwa na watu laki mingi, zilivunjwa. Katika mwezi ule ule wa kwanza serikali ya Marekani, yenye katika 2024 ilikuwa inatoa fungu kubwa kupita wote kwa musaada wa Kongo, ilisimamisha misaada yake ya inje, na shirika lake la USAID likafungwa mwezi wa saba. Kamio za unga zilipungua. Wakimbizi wengine walirudi na kukuta manyumba bila paa. Wengine waliingia kwa ndugu, na kwa wasio ndugu. Kwa maneno mengine, kila kitu kilirudi kule kilitoka: mlangoni mwa watu. Wale wenye walifikiri kwamba liste imechukua pahali pa desturi waliona liste inaondoka kwa ndege moja.

Basi wanachama wetu, katika kila kartye, wanaweza kuanza na kaye, lakini si kaye ya mihogo. Mzee wa nyumba kumi akamate kaye ya franki mia tano na aandike kila mtoto mwenye ameingia bila mzazi: jina lenye mtoto mwenyewe anasema, hata kama ni nusu; majina ya ndugu zake; jina la mlima, la soko ao la kanisa lenye anakumbuka; wimbo, alama ya mwilini, nguo alikuja nayo; siku na njia alipitia; nyumba yenye imemupokea. Kaye ikae kwa mzee, isipitishwe kwa kila mtu mwenye anauliza, sababu kuko wenye wanatafuta watoto kwa mambo mabaya. Mwalimu wa kartye aandike ya pili, ju moto na maji havichagui nyumba. Na wakati wa kuuliza mtoto hayo maswali, aulizwe pole-pole, siku mingi, akiwa anachambua sombe pamoja na wengine, si amesimama peke yake mbele ya watu wazima.

Ile kaye nyingine, ya deni la dukani, iandikwe pia kama mtu anataka. Tutaipeleka kwa shefu wa kartye, kiisha kwa komini, na tutadai iwekewe muhuri kwamba imepokelewa. Ila siku ya kuisoma, mtoto atumwe maji.